Mbolea ya Ruzuku: Hesabu ya Mkulima wa Trans Nzoia

Ukiwa na kalamu na kipande cha karatasi karibu, vichukue, maana nitataja bei nyingi na nisingependa uniamini kwa maneno matupu. Mada yetu ni mbolea ya ruzuku, na mahali nitakapokupeleka ni kaunti ya Trans Nzoia.

Kwa nini Trans Nzoia, wakati Kenya ina kaunti 47? Kwa sababu huko ndiko hesabu ya ruzuku inakoonekana vizuri zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 katika kaunti hiyo, na wengi wao wanaishi kwa mahindi, iwe wanayalima, wanayakoboa, wanayapakia kwenye lori au wanayanunua kwa gorogoro. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956 na makao yake yako huko hadi leo. Msimu mkubwa wa mahindi ni mmoja tu kwa mwaka: unapanda mvua inapoanza Machi au Aprili, unavuna kuanzia Oktoba. Ukiharibikiwa, huna msimu wa pili wa kujitetea. Ndiyo maana habari ya mbolea kule haizungumzwi kama habari ya siasa. Inazungumzwa kama habari ya karo na ya chakula cha mwaka mzima.

Kabla sijafika kwenye mbolea yenyewe, nikukumbushe jambo moja la zamani. Kuna watu, hasa wale wanaokula ugali bila kujua ulikotoka, wanaosema kwamba mkulima anadekezwa, kwamba ajitegemee kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Sawa. Lakini ardhi hiyo ya Trans Nzoia imelimwa kwa msaada wa serikali tangu zamani. Walowezi wa Kizungu walipokuwa wakiilima, serikali ya kikoloni iliwawekea mwaka 1942 mpango wa malipo ya uhakika: mlowezi akipanda kwa mpango ulioidhinishwa kisha mazao yakamtupa, serikali ilimhakikishia kiasi fulani cha pesa kwa kila ekari. Hakikisho hilo aliweza kulitumia kama dhamana ya kukopa. Mwaka huo huo serikali ikaanza kudhibiti biashara ya mahindi, na Mzungu akawa analipwa zaidi kwa gunia kuliko Mwafrika aliyelima mahindi ya aina hiyo hiyo. Mpango wa malipo ya uhakika uliendelea hata baada ya uhuru, na waliofaidika zaidi ni wenye mashamba makubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ruzuku ni anasa mpya ya mkulima mdogo, mwambie mkulima mdogo amechelewa tu kufika mezani.

Sasa tuje kwenye wakati wetu. Ruzuku ya mbolea Kenya haikuanza juzi. Mwaka 2007 ulianza mpango wa Kilimo Plus, ambapo mkulima maskini alipewa vocha ya pembejeo za ekari moja: mbegu ya mahindi kilo 10, mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mmoja wa kukuzia. Kumbuka jambo moja kuhusu vocha hiyo, kwa sababu nitalirudia: aliipeleka kwenye duka la pembejeo la karibu naye. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi na bei ya mbolea kuruka duniani kote, serikali ikaanza kuagiza mbolea yenyewe na kuiuza kwa bei nafuu kupitia maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, ile tunayoiita NCPB.

Halafu ikaja 2022. Vita vya Ukraine vilikuta bei ya mbolea tayari imepanda, vikaipandisha zaidi. Mfuko wa kilo 50 ukafika shilingi 6,500, na mahali pengine zaidi. Serikali iliyokuwa inaondoka, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, ilitia pesa kwenye unga, pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 100. Kwenye uchaguzi wa 2017 tuliona mchezo huo huo, pakiti ikiuzwa shilingi 90. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, alisema serikali yake itasaidia uzalishaji, si ulaji. Ruzuku ya unga ikafutwa, na mbolea ikatangazwa kuuzwa shilingi 3,500 kwa mfuko. Agosti 2023 bei hiyo ikashushwa tena hadi 2,500.

Mimi naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ruzuku ya unga inamfaidisha mwenye kiwanda mapema kuliko mlaji, na uchaguzi ukipita inakwisha. Mbolea ikifika shambani kwa wakati inazaa chakula. Sasa zingatia hayo maneno matatu: ikifika, shambani, kwa wakati. Hapo ndipo nataka tukae.

Kwanza tuelewane ruzuku hii ni nini. Mkulima hapewi pesa. Hakuna shilingi inayoingia kwenye simu yake. Serikali inalipa tofauti kati ya bei ya soko na bei iliyotangazwa, na tofauti hiyo inabaki kwa aliyeleta mbolea. Mkulima anachoona ni bei ndogo kwenye ghala. Ili aione bei hiyo ni lazima mambo kadhaa yaende sawa. Awe ameandikishwa na chifu au naibu wa chifu, ekari zake zikiwa zimewekwa kwenye mfumo. Apokee ujumbe kwenye simu unaomwambia ana haki ya mifuko mingapi. Awe na pesa siku hiyo. Aende ghalani na kitambulisho, na akifika aikute mbolea aliyoitaka, si ile iliyobaki.

Chukua kalamu sasa. Ekari moja ya mahindi Trans Nzoia kwa kawaida hula mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ya 2022, mifuko miwili ni 13,000. Kwa bei ya ruzuku ya 2,500 ni 5,000. Umeokoa shilingi 8,000 kwa ekari, na kwa mtu wa ekari mbili hiyo ni 16,000. Si pesa ya kudharau. Ni msaada mkubwa kwa karo ya muhula.

Lakini hesabu hiyo inafanywa ghalani. Hebu tuihamishe tuipeleke nyumbani kwake. Tuseme mkulima wetu anakaa huko juu Cherangany, au kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na ghala liko mjini. Tuseme nauli ni shilingi 150 kwenda na 150 kurudi, na mfuko nao unatozwa 200. Hizi ni bei za mfano, wewe weka za kwenu. Ameshatumia 500 kwa mfuko mmoja. Tuseme siku ya kwanza alipofika aliambiwa mbolea ya kupandia imekwisha, arudi Jumatano. Nauli nyingine 300. Sasa ni 800, na sijahesabu kibarua aliyemwachia ng'ombe wala chai aliyokunywa kwenye foleni. Mwaka 2022, bei ya duka ilipokuwa 6,500, gharama hiyo ilivumilika. Lakini bei ya dunia ikishuka, na duka la pembejeo pale sokoni kwao likauza mfuko kwa 4,000, ruzuku inabaki 1,500, na zaidi ya nusu yake imekwenda kwa matatu.

Ndiyo maana utakuta mtu mwenye haki ya mbolea ya 2,500 ananunua ya bei ya juu dukani. Wataalamu wa mjini humwona hajui faida yake. Anaijua vizuri sana. Duka liko hatua chache kutoka kwake, linamuuzia hata kilo 10 kwa kupima, na mwenye duka anamjua kiasi cha kumkopesha mpaka avune. Ghala la serikali halikopeshi, na linauza kwa mfuko, uchukue au uuache.

Yule wa ekari 50 hana shida hii. Ana lori lake, ana karani wa kumsimamia kwenye foleni, na pesa zote anazo Februari. Anabeba mifuko 100 kwa safari moja, na nauli kwa kila mfuko inakuwa karibu haipo. Bei ni ile ile 2,500 kwa wote wawili, na hakuna aliyevunja sheria. Hata hivyo mmoja ameipata ruzuku yote, na mwingine amegawana na dereva. Ulaya wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine: huko malipo ya kilimo yanakwenda kwa hekta, na Tume ya Ulaya yenyewe imekiri kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja yanaishia kwa asilimia 20 ya wapokeaji. Kwa hiyo si ugonjwa wetu peke yetu. Lakini wao wana chakula cha kutosha, sisi bado.

Tuje kwenye wakati. Mbolea ya kupandia inaingia shimoni pamoja na mbegu. Hiyo ndiyo kazi yake, kulisha mzizi mchanga. Mvua ya kwanza ya kweli ikinyesha, mkulima ana siku chache za kupanda akiwa na uhakika, na kila wiki anayochelewa inamkata mavuno. Kwa hiyo ujumbe wa simu unaoingia katikati ya Aprili, wakati majirani wameshapanda mwishoni mwa Machi, hauna faida kwake. Anafanya nini? Anapanda bila mbolea, au anapanda na nusu ya kipimo, au anakopa akanunue dukani. Baadaye, mbolea ya kupandia ikijaa ghalani na mahindi yamefika magotini, takwimu zitaonyesha kwamba mifuko ilisambazwa. Ni kweli ilisambazwa. Takwimu haziulizi ilisambazwa lini.

Hapa nina lawama, na nitaisema wazi. Kila mwaka tunatangaziwa idadi ya mifuko iliyoshuka bandarini Mombasa. Sijawahi kusikia ikitangazwa hewani tarehe ambayo kila wadi ilipokea mbolea ya kupandia. Idadi ya bandarini inamfaa waziri. Tarehe ya wadi ndiyo inayomfaa mkulima.

Na daftari la wakulima je? Uandikishaji wa wakulima ulifanywa na machifu na manaibu wao, wakisaidiwa na wazee wa mitaa, na kwa kazi hiyo wanastahili shukrani, kwa sababu kabla yake serikali ilikuwa inagawa mbolea bila kujua vizuri inamgawia nani. Lakini daftari huandika jina moja, kitambulisho kimoja, na namba moja ya simu. Katika nyumba nyingi jina hilo ni la baba, hata kama baba anafanya kazi Eldoret au Nairobi na anayeshika jembe ni mama. Ujumbe unaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwa mtu ambaye hayupo. Atautuma, ndiyo, akikumbuka.

Halafu kuna mashamba ya kukodi. Trans Nzoia watu wengi hulima ardhi isiyo yao, wanaikodi kwa msimu. Daftari linamjua nani, mwenye shamba au mwenye jembe? Mwenye shamba akiandikisha ekari zake tano na mpangaji naye akaandikisha zile zile, mbolea ya ekari tano imekuwa ya kumi. Mwenye shamba akizuia, mpangaji halimi na ruzuku. Na mbolea inayozidi kwenye daftari haipotei hewani. Mara kadhaa polisi wamekamata watu wakihamisha mbolea ya ruzuku kutoka kwenye mifuko ya serikali na kuitia katika mifuko mingine ili waiuze kwa bei ya soko. Na Trans Nzoia inapakana na Uganda. Kwa mtu mwenye lori, mfuko wa 2,500 wenye thamani ya zaidi upande wa pili wa mpaka ni mwaliko.

Sasa nifike mahali panapouma. Machi 2024, msimu wa kupanda ukiwa umeanza, waandishi wa habari za uchunguzi walifichua kwamba ndani ya mpango wa serikali, kwenye maghala yale yale ambayo mkulima aliambiwa ayaamini, kulikuwa kumeuzwa mifuko isiyo na mbolea inayostahili kuitwa mbolea. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lilipima sampuli, likasimamisha bidhaa zilizoshindwa kipimo. Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima walionunua mifuko hiyo. Mei 2, 2024, Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumwondoa waziri wa kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi: 149 waliunga mkono, 36 wakapinga, 3 wakajizuia. Jambo likapelekwa kwa kamati ya wabunge 11, na siku chache baadaye kamati hiyo ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Akabaki kazini hadi Julai, Rais alipolivunja baraza lake la mawaziri kwa sababu nyingine kabisa, maandamano ya vijana.

Sitaki kumhukumu mtu ambaye kamati ya Bunge ilimsafisha. Ninachotaka uone ni mkulima aliyepanda na mfuko huo. Fidia ya mfuko kwa mfuko inamrudishia bei ya mfuko tu. Hairudishi mbegu iliyokwisha kuzikwa, wala kibarua, wala kodi ya shamba, wala msimu, na nimekwambia msimu mkubwa kule ni mmoja. Mahindi yaliyopandwa na mbolea feki utayajua Mei, yakiwa ya manjano na membamba, wakati huo hata ukipewa mbolea ya bure kiasi gani, umeshachelewa. Na hasara ya pili ndiyo kubwa zaidi, ingawa haina risiti: mwaka uliofuata, mtu anasimama mbele ya mfuko wa serikali akiutilia shaka. Bei iliyopunguzwa inafanya kazi pale tu mnunuzi anapoamini kilichomo ndani.

Kuna jambo la udongo pia, nitalipitia haraka. Ardhi ya Trans Nzoia imelimwa mahindi juu ya mahindi kwa miongo mingi, na mbolea iliyopendwa ni DAP. Ukiitumia mwaka baada ya mwaka bila chokaa, DAP huongeza asidi kwenye udongo, na udongo wenye asidi nyingi hushikilia fosforasi usiiachie mmea. Yaani unamwaga chakula kwenye sahani iliyofunikwa. Maelfu ya wakulima wangepata zaidi kutoka kwenye mifuko michache ya chokaa kuliko kwenye mfuko wa ziada wa DAP, lakini ili walijue hilo wanahitaji mtu wa kuupima udongo na kuwaambia.

Mtu huyo ni afisa wa ugani, na hapa Katiba ya 2010 inaingia. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, sera ya kilimo ni ya serikali ya kitaifa, na ukuzaji wa mimea na ufugaji ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo mbolea inaletwa na Nairobi, na ushauri wa jinsi ya kuitumia unapaswa kutoka Kitale. Mfuko una bosi wake, ushauri una bosi wake. Mfuko unafika na picha za viongozi magazetini. Afisa wa ugani, ambaye ana pikipiki isiyo na mafuta na wakulima wengi kuliko anavyoweza kuwafikia kwa mwaka mzima, hapigwi picha. Kama kuna pesa mahali popote katika mpango huu ambayo ningeihamisha kesho asubuhi, ningepunguza kidogo kwenye mifuko nikaiweka kwenye mafuta ya pikipiki hiyo na vifaa vya kupima udongo.

Nimekuahidi hesabu, na hesabu kubwa bado. Geuza karatasi.

Tuseme mkulima wetu wa ekari moja alipata kila kitu sawasawa. Mbolea halisi, kwa wakati, mvua nzuri, viwavijeshi hawakumtembelea. Amevuna magunia 20 ya kilo 90. Mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kwamba NCPB itanunua gunia kwa shilingi 4,000. Lakini NCPB inataka mahindi makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, na Novemba kule bado kuna manyunyu. Mwaka huo serikali ilinunua mashine za kukaushia na kuzisambaza, jambo jema, ila mashine moja iliyoko mbali ni sawa na ghala lililoko mbali. Tena NCPB hailipi papo hapo. Na wazee bado wanakumbuka 2018, mabilioni yalipolipwa wafanyabiashara huku wakulima waliopeleka mahindi yao wakisubiri malipo kwa miezi.

Dalali, kwa upande wake, anakuja mpaka mlangoni na pesa mkononi. Karo ya Januari inasubiri. Ikiwa dalali atatoa 3,500, mkulima amepoteza 500 kwa kila gunia. Mara 20 ni 10,000.

Ile ruzuku yote ya ekari moja, tena ukiipima kwa bei mbaya kabisa ya 2022, ilikuwa 8,000. Shilingi 500 tu za kushuka kwa bei ya gunia zimeila yote, na zimechukua 2,000 nyingine juu yake.

Kwa hiyo, msikilizaji, mkulima anasaidiwa Machi na kuachwa Novemba. Na mara nyingine Novemba hiyo hiyo unasikia meli ya mahindi ya kutoka nje imeruhusiwa bila ushuru. Siwalaumu wa mijini kwa kutaka unga wa bei nafuu, na mimi nanunua unga. Lakini huwezi kumwambia mtu azalishe zaidi kwa mbolea ya ruzuku, akazalisha zaidi kweli, halafu wingi wa mazao yake ndio uwe adhabu yake. Mbolea ya bei nafuu bila soko la kutegemewa inamnufaisha anayenunua mahindi kuliko anayeyalima.

Wapo wanaosema tuachane na mifuko, tutume pesa. India inafanya hivyo: tangu 2019, familia ya mkulima inalipwa rupia 6,000 kwa mwaka moja kwa moja kwenye akaunti, kwa awamu tatu. Nchi yetu ambayo bibi kijijini hutuma na kupokea pesa kwa simu isingeshindwa. Pesa haibebwi kwa matatu wala haichakachuliwi. Lakini mimi nasita, kwa sababu siku bei ya mbolea ikiruka kama 2022, pesa ile ile itanunua mfuko nusu. Njia ya kati tumewahi kuwa nayo sisi wenyewe, ile vocha ya Kilimo Plus niliyokuomba uikumbuke. Mkulima ana haki yake kwenye simu, na anaweza kuitumia kwenye duka lolote la pembejeo lililoidhinishwa, pale sokoni kwao. Duka linalipwa tofauti na serikali. Mwenye duka anayeuza mbolea feki anajulikana kwa jina na kwa mlango. Tanzania, iliporudisha ruzuku ya mbolea Agosti 2022, iliipitisha kwa mawakala binafsi badala ya maghala ya serikali. Nako kulikuwa na malalamiko ya umbali, hasa mahali ambapo mawakala hawakuona faida ya kwenda. Kwa hiyo duka peke yake halitoshi, ushirika wa wakulima unapaswa kuhudumia pale ambapo duka halifiki. Hata hapa kwetu, kila mahali mbolea ilipopelekwa hadi kwenye vyama vya ushirika, safari ya mkulima ilifupika.

Na sasa ombi langu, maana muda unanibana. Kwa Wizara ya Kilimo: kabla ya msimu ujao, tangazeni kwa kila wadi tarehe ambayo mbolea ya kupandia itafika, na baada ya msimu tangazeni tarehe iliyofika kweli. Tangazeni pia bei ya kununulia mahindi kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Kwa serikali ya kaunti pale Kitale: ajirini maafisa wa ugani na muwape mafuta. Kwa chifu: kwenye daftari lako, andika namba ya simu ya anayelima.

Na kwako wewe unayepanda: chukua risiti ya kila mfuko na uihifadhi mpaka uvune. Piga picha namba ya shehena iliyoandikwa kwenye mfuko, na ubakize kiganja kimoja cha mbolea hiyo kwenye chupa kavu iliyofungwa. Mahindi yakikuonyesha sura isiyoeleweka Mei, utakuwa na cha kuwapelekea KEBS. Mwenye risiti ndiye mwenye njia rahisi ya kudai.